Mguu wa Dereva

Mafundi wa mtaa ule walimwita Upande Mmoja, na hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Alikuwa fundi wa breki, mtu wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mkavu kama ukuni, na kanuni yake ilikuwa moja: ukitengeneza breki za ngoma, fungua upande mmoja, umalize, ufunge, ndipo uguse wa pili.

Sababu haikuwa ya siri. Ndani ya ngoma ya breki mna viatu viwili vya chuma vilivyovikwa bitana ngumu, mna springi ndefu na fupi, mna vijiti, waya na vibanio, na vyote vimepachikwa kwa mpangilio ambao kila mtu hujidai kuukumbuka. Upande ambao hujaugusa ndio kitabu chako. Ukisahau springi fulani inakaa juu ya kijiti au chini yake, unazunguka, unachungulia upande wa pili, unarudi na jibu.

“Anayefungua pande zote mbili kwa mpigo,” alizoea kusema, “amekichana kitabu chake mwenyewe, halafu anataka kufaulu mtihani.”

Siku moja alimkuta jirani yake, mziba pancha aliyekuwa akijaribu kujiongezea ujuzi, amefungua magurudumu mawili ya nyuma ya gari dogo. Alimsema mbele ya wateja hadi yule bwana akatamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake asubuhi mziba pancha alimwamkia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: “Shikamoo, Mzee Upande Mmoja!” Jina likashika kama gundi.

Basi ndivyo alivyokuwa. Na mtu wa namna hiyo mara nyingi haanguki katika asilolijua. Huanguka katika lile analolihubiri.

Kulikuwa na lori la tani tatu, lililozaliwa kabla ya dereva wake, mali ya mama mmoja mwenye kiwanda cha kufyatua matofali. Watu walimwita Mama Matofali. Dereva wa lori hilo alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa kiume wa mkewe, mtu mpole ambaye wenzake walimpa jina la Taratibu. Walisimulia kwamba aliwahi kupitwa na mkokoteni mlimani, naye badala ya kuona haya akausalimia. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kwenye usukani wa lori lile, na alikuwa hajawahi kugonga hata kuku.

Siku lori lilipoletwa kubadilishwa viatu vya breki za nyuma, fundi alikuwa na haraka isiyokuwa ya kawaida yake. Saa nane mchana mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakutane kuchagua mwenyekiti wa umoja wao, na yeye aliutaka uenyekiti. Hakumwambia mtu, lakini shati jeupe lililopigwa pasi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa gereji tangu asubuhi, na shati halijui kutunza siri. Lori lilifika saa nne, limechelewa kwa safari moja ya matofali. Akapiga hesabu ya muda. Upande mmoja baada ya mwingine, asingemaliza.

Akaliinua nyuma yote, akavua ngoma zote mbili, akatoa kila kilichokuwa ndani, vya kushoto na vya kulia, akavitumbukiza ndani ya karai moja la mafuta ya taa avisafishe pamoja.

Taratibu alikuwa amechuchumaa kando, anamshikia spana. Alitazama karai, akamtazama shemeji yake.

“Shemeji, leo pande zote mbili?”

“Fundi hapa nani?”

“Wewe, shemeji.”

“Na dereva?”

“Mimi.”

“Basi kaa na usukani wako, niachie chuma changu.”

Taratibu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeufunga mjadala kwa heshima, akaenda kutafuta tambara la kufutia.

Katika karai lile mlikuwa na ajasta mbili. Ajasta ni skrubu fupi, urefu wa kidole, yenye kijigurudumu cha meno katikati. Kazi yake ni kuvisukuma viatu vya breki visogee karibu na ngoma kadiri bitana inavyolika, dereva asihitaji kurudi gereji kila mwezi. Ya kushoto na ya kulia hufanana kama mapacha. Zikiwa mpya huwa na herufi ya kuonyesha upande wake, lakini za lori lile herufi zilikuwa zimefunikwa na kutu, na miwani ya fundi ilikuwa mfukoni mwa lile shati jeupe.

Alifunga. Akarekebisha kwa mkono, akatoa upepo kwenye mabomba, akakanyaga pedali: ngumu kama jiwe. Saa nane kasorobo akawa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Saa tisa alikuwa mwenyekiti. Hotuba yake fupi ilikuwa juu ya uaminifu katika kazi, na watu walipiga makofi.

Siku ya tano Taratibu alirudi na lori.

“Shemeji, pedali inazama.”

Fundi hakumdharau siku ile. Alifanya kila kitu kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha wengine. Alifungua kifuniko cha maji ya breki: yamejaa. Akalala chini ya lori akapapasa mabomba na maungio: makavu. Akakanyaga pedali akaishikilia kwa muda. Haikuteremka polepole, kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Akaikanyaga mara mbili tatu haraka haraka, ikapanda juu. Hapo hata fundi wa mwaka wa kwanza angejua: viatu viko mbali na ngoma. Akaliinua lori, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, likazunguka bila kukwaruza popote, kama la baiskeli.

“Viatu vipya hivyo, vinajikalia,” alisema. “Kawaida.”

Akaingiza bisibisi kwenye tundu dogo la nyuma ya gurudumu, akakisaka kile kijigurudumu cha meno ili akizungushe na kuvisogeza viatu. Mkono wake, uliofanya kazi hiyo miaka thelathini, ulianza kuzungusha upande uliouzoea, na viatu vikazidi kulegea. Akageuza upande mwingine, ndipo vikakaza. Mkono ulisita. Mkono wa fundi una akili zake, nao ulikuwa umemwambia jambo pale pale, waziwazi. Lakini mwenye mkono alikuwa mwenyekiti siku tano tu, akaunyamazisha.

Pedali ikawa ngumu tena. Baada ya siku nne Taratibu akarudi.

“Shemeji, samahani. Imezama tena. Hata ya mkono haishiki.”

Safari hii palikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi, na mziba pancha alikuwa akisikiliza huku akijifanya anasugua tyubu.

“Sikiliza,” fundi alisema, na sauti yake ikapanda hadi ile ya mkutanoni. “Breki hazilegei zenyewe. Zinalegezwa na mguu. Wewe unaendesha mguu umeulaza juu ya pedali, bitana inalika mchana kutwa.”

“Mimi, shemeji?”

“Kwani nani mwingine yuko kwenye usukani? Jini?”

Wateja wakacheka. Taratibu akatabasamu nao, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutabasamu hata anapochekwa, akautazama mguu wake wa kulia ndani ya kandambili kana kwamba ndiyo kwanza auone. Fundi akaingiza bisibisi tundu la kushoto, akaingiza la kulia, akakaza, hakufungua ngoma. Angefungua angeona. Alijua kwamba fundi asiyefungua hana haki ya kusema neno, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu hivyo mara mia.

Kiwanda cha matofali kilikuwa kwenye mteremko. Lori huingia likirudi nyuma kati ya safu za matofali mabichi, hupakia, hutoka, hurudi tena, mara ishirini kwa siku. Nyuma kabisa husimama akina mama wanaopanga na kupakia, watano au sita, kanga zimefungwa kiunoni. Siku ya tatu tangu bisibisi ya mwisho, Taratibu alirudi nyuma kama kawaida yake, akakanyaga breki kama kawaida yake, na pedali ikaenda hadi sakafuni. Akavuta breki ya mkono, ikaja mikononi bila uzito. Akakata usukani kwa nguvu zake zote, lori likaingia kwenye safu ya matofali mabichi na kuzama humo hadi ekseli. Akina mama walikuwa wameshatawanyika wakipiga mayowe. Mmoja alianguka akachubuka goti. Hakuna aliyekufa. Lakini wote walikuwa wameliona bodi la lori likiwajia, na jambo hilo halisahauliki kwa kuambiwa pole.

Mama Matofali alikuja gereji mwenyewe, kwa miguu, vumbi jekundu hadi magotini.

“Fundi, nataka jibu moja tu. Ni breki au ni mtu?”

Angeweza kusema: sijui, mama, niache nifungue. Maneno ya pumzi moja. Lakini ukifungua baada ya kuulizwa hivyo, umekiri kwamba inawezekana.

“Breki nilizifunga kwa mikono yangu mwenyewe, mama.”

“Kwa hiyo ni mtu.”

Fundi alijifuta vidole kimoja kimoja.

“Ni mguu,” akasema.

“Na huyu si shemeji yako?”

“Kazi haina shemeji.”

Mama Matofali alimtazama kwa heshima. Jioni ile neno lilikuwa limezunguka mtaa mzima: mwenyekiti hapendelei hata ndugu wa mkewe, haki kwanza. Watu walimpa mkono. Naye aliupokea kila mkono aliopewa.

Taratibu aliachishwa kazi kesho yake. Nyumbani, mkewe fundi alipakua chakula, akaketi, hakula.

“Ulimuuliza lakini?” akasema mwishowe.

“Nimuulize nini?”

“Mtu huulizwa, baba watoto. Hata mtoto aliyevunja kikombe huulizwa.”

Alimwambia asichanganye mambo ya jikoni na mambo ya gereji. Mkewe akainua sahani yake na kuondoka nayo.

Dereva mpya alikuwa mtu wa mabasi ya masafa marefu, miwani ya jua, mdomo usiopumzika. Kabla hajaanza, fundi alizikaza tena breki kupitia tundu. Siku ya tano yule bwana aliingia gereji mwendo wa kobe, kichwa nje ya dirisha.

“Mzee wangu, breki za hili lori mmeziazima wapi? Nataka nikazirudishe kwa mwenyewe!”

Mziba pancha alicheka hadi akashika mbavu. Fundi hakucheka. Mguu umebadilishwa, na ugonjwa ni uleule.

“Nenda kanywe chai,” alimwambia. “Njoo baada ya saa moja.”

Aliinua lori na kuvua ngoma ya kushoto, hiyo peke yake. Kwanza alitazama bitana. Ilikuwa nene, mpya, karibu kama alivyoitoa kwenye boksi. Mguu uliolala juu ya pedali mchana kutwa uko wapi? Hakuhitaji kuona kingine ili kumsafisha Taratibu, lakini aliendelea. Ajasta ilikuwa imejifunga yote, fupi kabisa, haina tena pa kwenda. Akairefusha kidogo, kisha akasukuma kwa kidole kile kijiti kinachokizungusha kijigurudumu cha meno, kama kinavyosukumwa na breki yenyewe. Kikalia: ta. Ajasta ikafupika. Akasukuma tena: ta. Ikafupika tena.

Alivaa miwani, akakwangua kutu kwa ncha ya msumari. Herufi ilitokea taratibu, ndogo, ya upande wa kulia. Na ilikuwa gurudumu la kushoto.

Skrubu ya kushoto na ya kulia zimekatwa njia tofauti. Kila moja ikiwa mahali pake, kila mara dereva anapokanyaga breki akiwa anarudi nyuma, kijigurudumu husogea jino moja na viatu hukaribia ngoma. Zikibadilishana, tendo lilelile huvikimbiza viatu. Gari hutoka gereji zuri, kisha huharibika kwa kutumiwa vizuri. Na nani aliyekuwa akikanyaga breki akirudi nyuma mara ishirini kwa siku, kila mara, mapema, kwa uangalifu, kwa sababu kuna akina mama nyuma? Kila alipowahurumia watu wale, breki zilimlegea jino moja. Dereva mzembe, wa kukanyaga mara moja mwishoni, angechukua muda mrefu zaidi kufika sakafuni.

Fundi aliketi kwenye kopo la oili. “Shemeji, leo pande zote mbili?” Mtu yule aliona. Aliona siku ileile, akauliza kwa adabu, akajibiwa kwa kejeli. Na aliposhtakiwa mbele ya benchi la wateja, aliposimamishwa mbele ya tajiri wake, hakusema: muulizeni fundi siku ile alifunguaje. Alikuwa na neno la kujiokoa, akaliacha limlinde mume wa dada yake.

Kubadilisha zile ajasta kulichukua chini ya saa moja. Akafunga upande mmoja, kisha mwingine. Dereva mpya aliporudi anachokonoa meno, alikanyaga pedali, akapiga mluzi.

“Enhee! Ilikuwa nini, mzee?”

Hapa ndipo ninaposimama nimlaumu kuliko mahali pengine popote. Kufungua pande mbili ilikuwa haraka. Kumsingizia mtu kilikuwa kiburi, na kiburi hakioni. Lakini sasa alikuwa ameona, kwa miwani, mchana kweupe.

“Springi,” alisema. “Zilichoka.”

Alizichagua springi kwa sababu springi hazina ndugu wa kuzitetea.

Wiki moja ilipita. Watu waliendelea kumwita Mwenyekiti, na kila walipomwita alihisi kama mtu anayeitwa kwa jina la marehemu. Alianza kufunga gereji mapema. Mziba pancha alimtupia utani wake wa asubuhi, hakupata jibu, akamwambia mteja, “Mzee leo kafunguliwa pande zote.” Alisema hivyo kwa kucheka tu. Fundi aliinua uso, na mziba pancha akaacha kucheka, asijue ni kwa nini.

Alijiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia kwamba lori ni zima sasa, hakuna hatari tena, kusema kutamsaidia nani? Mtu akitaka kukwepa la haki, hakosi hoja.

Siku ya mapumziko Taratibu alikuja kuwasalimu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kwenye sebule ile ndogo ya makochi yenye vitambaa vya kufumwa. Dada yake akaleta chai. Alikuwa amekonda. Katika viganja vyake mlikuwa na malengelenge mapya.

“Sasa nabeba magunia sokoni,” alisema alipoona yanatazamwa. “Si mbaya. Gunia halina breki.”

Dada yake hakucheka.

“Nimekuja kwa jambo moja, shemeji. Nimekuja kukushukuru.”

Fundi aliweka kikombe chini. “Kunishukuru?”

“Ningekuwa mimi, labda ningesema uongo kumlinda shemeji yangu. Wewe hukusema. Mwanzoni niliumia, nisikufiche. Lakini nimekaa nikafikiri. Wale akina mama wangekufa. Kama ungenifichia, wangekufa mwezi ujao.” Aliunyoosha mguu wake wa kulia mbele yake, akautazama. “Nyumbani huwa nakaa kwenye stuli, naweka tofali chini, nakanyaga, niuone unafanyaje. Sioni kosa. Ndiyo maana nimeogopa. Kosa usiloliona, utalirekebishaje? Leseni yangu nimempa mke wangu aifiche. Sitashika usukani tena.”

Mkewe fundi alikuwa amesimama na birika mkononi.

“Mguu wako hauna kitu,” fundi alisema.

“Ahsante, shemeji, lakini—”

“Sikupi pole. Nakwambia. Mguu wako hauna kitu. Ajasta nilizibadilisha pande. Ya kulia niliifunga kushoto, ya kushoto nikaifunga kulia. Siku ile ya karai. Uliniuliza.”

Taratibu aliurudisha mguu chini ya kiti polepole.

“Kwa hiyo kila nilipokanyaga…”

“Zilikuwa zinalegea. Kadiri ulivyoendesha vizuri, ndivyo zilivyolegea.”

Alisubiri hasira. Angeipokea kwa furaha. Taratibu alikuwa akihesabu kitu kichwani.

“Umejua lini?”

“Dereva mpya aliporudi nalo.”

“Lini, shemeji?”

“Wiki moja sasa.”

“Wiki.” Alilirudia neno hilo kama mtu anayejaribu uzito wa gunia kabla ya kulitia begani. “Kosa la mkono, wallahi ningelicheka. Nani hakosei? Ningekutania nalo mpaka uzeeni. Lakini wiki nzima, shemeji? Wiki nzima mimi nakanyaga tofali?”

Mkewe fundi aliweka birika chini, akavuka sebule, akaenda kuketi karibu na mdogo wake. Fundi alibaki upande wake peke yake, na chai ikapoa.

Kesho yake asubuhi hakufungua gereji. Alimpitia kwanza mziba pancha, akamweleza yote akiwa wima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akamwomba awaambie wenzake watafute mwenyekiti mwingine. Mziba pancha alifungua mdomo atanie, utani ukamtoka, akasema tu, “Haya, mzee. Nitawaambia.” Kisha fundi akaenda kwa shemeji yake na kumwomba waongozane hadi kiwandani. Taratibu alikubali, lakini njia nzima alitembea hatua tatu nyuma yake.

Mama Matofali alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

“Kwa hiyo nilimfukuza mtu kwa ulimi wako.”

“Ndiyo, mama.”

“Na mimi nikakusifu mbele ya watu. Kazi haina shemeji!” Aliguna. “Taratibu, baba, nisamehe. Yule bwana wa miwani ameshaniaga, anasema matofali yanamshushia hadhi. Funguo hizi hapa.”

Taratibu alizipokea funguo, akasimama nazo. Hapo ndipo wale akina mama wa kupanga matofali walipoweka chini mizigo yao. Mkubwa wao, yule aliyechubuka goti, akasogea mbele.

“Mama, sisi hatumtukani mtu. Lakini nyuma ya mguu ule hatusimami.”

“Si mmesikia? Haukuwa mguu.”

“Tumesikia leo. Juzi tulisikia ulikuwa mguu. Na aliyesema juzi ni fundi, tena shemeji yake. Tumwamini fundi yupi, wa juzi au wa leo?”

“Mimi ndiye fundi,” alisema Upande Mmoja. “Niliyesema juzi nilisema uongo.”

“Basi, baba,” yule mama alisema, bila ukali wowote, “kasimame wewe.”

Ilikuwa haki. Alitembea hadi mwisho wa safu, mahali wanaposimama wapangaji, akageuka akalitazama lori. Taratibu alipanda. Alikaa muda mrefu bila kuwasha. Kutoka pale nyuma fundi aliuona mkono wake katika kioo cha pembeni, umeshika usukani, ukauachia, ukaushika tena. Alitamani kupaza sauti, kumwambia usiogope, lakini alijua kwamba neno lake ndilo lililomtia woga ule, na haliwezi kuutoa.

Injini ikawaka. Lori likaanza kurudi. Lilikuja likijaza macho: bodi, minyororo, namba iliyopinda, moshi. Kwa mara ya kwanza akaelewa walichokiona wale akina mama. Hatua nne kabla ya kumfikia, likasimama bila hata kuguna.

Hakuna aliyepiga makofi.

“Hiyo moja,” yule mama alisema. “Linarudi mara ishirini kwa siku.”

Akabaki. Jua lilipanda. Lori lilipakiwa, likaondoka, likarudi. Kila liliporudi alisimama palepale, mikono imening'inia, shati limeshika mgongo kwa jasho, na kila mara lilisimama hatua tatu au nne mbele yake. Taratibu hakumtazama. Alikuwa akitazama vioo vyake, kulia, kushoto, kama ilivyompasa.

Safari ya tisa, mmoja wa akina mama, mdogo wao, alirudi kwenye safu na kuanza kupanga, maana matofali hayajipangi. Safari ya kumi na mbili walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuja wa mwisho, na matofali mawili kila mkono, akamkuta fundi amesimama katikati ya njia.

“Sogea kidogo, mzee. Unatuzibia kazi.”

Alisogea hatua moja pembeni, akampisha apite. Lakini nyuma ya lori hakutoka. Zilikuwa zimebaki safari nane.